Mashine ina presha, gesi haina kosa

Simu ilikuja saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la kaskazi lile linalochoma utosi, na aliepiga ni stokipa wa hoteli moja huko Nungwi, hata salamu hakumaliza. "Fundi, mashine ya barafu ina presha." Nikamuuliza nani kakwambia ina presha, akasema taa ya kwenye bodi inapiga piga, na fundi aliekuja juzi ndie aliemwambia taa ile maana yake presha imepanda, gesi imezidi, akaipunguza, ikafanya kazi siku mbili na leo imezima tena. Imezima saa ngapi? Saa hii hii, saa nane. Na juzi? Kama saa nane vile. Na wiki ilopita? Akanyamaza kidogo. "Wallahi fundi, mbona kila siku ni saa nane."

Nikamwambia asiiguse, kesho alfajiri nakuja.

Mie niko kwenye mafriji na mashine za barafu tangu 2009, na kama kuna kosa linalowalia watu pesa bure hapa Unguja basi ni hili la presha kubwa. Neno lenyewe ndio linadanganya. Mtu akisikia presha anajua presha ya watu, mzee kapanda presha, mpunguzieni chumvi, basi na mashine nayo ikipanda presha anatafuta cha kupunguza, na kilicho karibu na mkono ni gesi. Psss, inatoka, presha inashuka, taa inazima, fundi analipwa, anapanda daladala ya 116, ile ya Nungwi, anarudi zake mjini.

Sasa hebu tuanze mbali kidogo. Mashine ya barafu haiyatii maji baridi, inayatoa joto. Joto lile linabebwa na gesi, kompresa inaikamua mpaka inakuwa moto wa kuunguza mkono, inakwenda kwenye kondensa, yale mapezi membamba ya alminiamu yaliyopangwa kama meno ya kitana, feni inapitisha hewa, joto linatoka linaingia chumbani, gesi inapoa inageuka likwidi na inarudi kazini. Joto likikosa pa kutokea, gesi haigeuki likwidi, inabaki gesi vile vile ndani ya bomba na kompresa bado inasukuma nyengine nyuma yake, kama daladala ya jioni pale Darajani, konda anaita ingia ingia na hakuna hata mmoja anaeshuka. Hiyo ndio presha. Kiasi cha gesi kinaweza kuwa ni kile kile cha siku ya kwanza ilipotoka kiwandani.

Kwa gesi ya R404A, ambayo ndio naikuta kwenye mashine nyingi za hoteli, kondensa ikiwa nyuzi 40 presha inakuwa kama psi 250 (psi ndio kipimo cha presha), ikifika 50 inakuwa kama 320, ikifika 60 ushapita 400. Na huko mbele ndiko inakokaa swichi ya presha, ile inayoizima mashine presha ikizidi, nyingi zimewekwa zikate baina ya 400 na 450, inategemea kiwanda. Swichi nyengine ikikata inasubiri presha ishuke inajirudisha wenyewe, kwa hiyo utaona mashine inazima, inapumzika, inawaka, inazima. Nyengine ina kitufe mpaka ukibonye kwa kidole. Na mashine za siku hizi bodi ya umeme inahesabu, ikiona imekatwa mara kadhaa inafunga kazi moja kwa moja na kupiga taa, hapo hata uzime na kuwasha umeinyamazisha tu. (Zile ndogo mpya za R290 hesabu zake ni nyengine kabisa, ile ni propani, inashika moto, namba zangu hizi usiende nazo kule wala usiende na sigara.)

Ukiipunguza gesi mashine iliokuwa na kiasi chake sawa, presha inashuka kweli. Lakini sasa gesi haitoshi, barafu inakuja nyembamba, tena upande mmoja wa sahani inashika na upande mwengine maji tu, inachukua saa nzima kufanya ya nusu saa, na kompresa ambayo inategemea ile gesi baridi inayorudi iipunguzie joto lake inafanya kazi huku inaungua. Baada ya mwezi unaitwa tena, safari hii kompresa.

Kuna kibaya kuliko hicho, na nimekifanya mie kwa mikono yangu.

Wenyewe wa hapa wanakumbuka mwisho wa 2009, umeme unaotoka bara kupita chini ya bahari ulipokatika, Unguja nzima tukaishi kwa jenereta mpaka mwezi wa tatu 2010. Na 2008 tulishakaa giza karibu mwezi, kwa hiyo tulijiona tushazoea, kumbe bado. Barafu ilikuwa dhahabu. Mie wakati huo mwanafunzi, nabeba boksi la fundi mzee mmoja, Mungu amrehemu, na siku hiyo kaniacha peke yangu kwenye duka la barafu la mtu mmoja mjini, wachuuzi wa samaki wamejaa mlangoni na madeli yao, samaki wanaharibika, kila mtu anapiga kelele. Mashine inakata presha kila dakika kumi. Jenereta dogo, nikipima napata volti 180, feni ya kondensa inazunguka kivivu mpaka mapanga unaweza kuyahesabu. Na mie nayaona yote hayo, nayaona kabisa, lakini mwenye duka kanisimamia kichwani, "kijana fanya basi, fanya." Nikachukua kipande cha waya, nikakimenya huku na huku, nikaunga tereminali mbili za swichi ya presha, umeme upite bila swichi kuweza kukata. Jampa. Mashine ikanguruma, watu wakashangiria, nikapewa soda.

Ilifanya kazi kama saa nne. Halafu ukatoka mlio, kama mtu anasaga changarawe, halafu kimya, halafu ile harufu, ambae hajawahi kuinusa siwezi kumueleza na alieinusa hahitaji kuelezwa. Mzee alipokuja alikata bomba, akatia kidole kwenye mafuta ya kompresa, yametoka meusi kama kahawa ya jana. Hakunigombeza. Alinionyesha kidole tu, akasema, "Mwanangu, umemziba mdomo mlinzi na mwizi yumo ndani." Kompresa ile nililipa nusu yake kidogo kidogo miezi minane, na kile kipande cha waya ninacho mpaka leo kwenye boksi.

Basi Nungwi. Nimefika saa moja asubuhi, mashine imelala usiku kucha imezimwa, na hiyo ndio sababu nilitaka kuikuta imezimwa, ntakuja huko. Kwanza kondensa. Kwa macho safi, stokipa ananambia tunaipiga brashi kila wiki fundi, na kweli mbele haina vumbi. Lakini nikaweka tochi upande wa pili na kuchungulia, mwanga haupiti. Vumbi lilikuwa katikati, limechanganyika na mafuta ya jikoni limekuwa kama sufi, brashi inakwangua juu tu na mengine inayasukuma ndani. Hii dawa yake ni kuzima umeme, kufunika vya umeme kwa plastiki, dawa ya kuoshea koili, halafu maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume na hewa inavyoingia, uchafu urudi ulikotokea. Taratibu. Nshaona mtu kaleta ile mashine ya presha ya kuoshea magari, mapezi yote yakalala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, sasa hewa haipiti kabisa na hapo ndio kalipwa kasafisha.

Na sisi wa pwani tuna jengine, chumvi. Mapezi alminiamu, bomba shaba, ukiweka na hewa ya bahari vinakulana, alminiamu inageuka unga mweupe hasa pale inapogusana na shaba. Kondensa namna hiyo unaweza kuikuta safi haina hata vumbi, ukiyagusa mapezi kwa ukucha yanamong'onyoka kama biskuti. Joto halivuki tena kutoka kwenye bomba kwenda kwenye pezi. Hiyo usioshe, badilisha, na mwenye mashine akikwambia oshaosha tu fundi itafaa, mwambie ukweli mapema kabla hujapokea pesa. Ya Nungwi ilikuwa imeanza pembeni kidogo, si vibaya.

Feni nikaizungusha kwa mkono, laini. Kapasita nikaipima, sawa. Lakini kwenye feni siku hizi siridhiki haraka, kwa sababu ami mmoja mfanyabiashara wa samaki pale Malindi ya hapa mjini alinitoa jasho. Mashine yake inakata presha, nikifika feni inazunguka vizuri, kila kitu kizuri, naondoka, saa mbili baadae simu. Mara tatu. Mara ya nne nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mashine na kikombe changu cha kahawa, nikaitizama. Dakika ya 40 hivi feni ikasita, ikasimama wenyewe. Mota ina joto hushikiki. Bushi zinazoshika mhimili wa mota zimekwisha, mota inajichosha, ndani yake mna kinga ya joto inakata, ikipoa inarudi, na mpaka mie nifike kutoka Kwahani na foleni zile, ishapoa zamani inazunguka kama bibi harusi hana habari. Ami akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo nasema, mashine inayokata baada ya muda, kaa nayo muda. Mafundi hatupendi kukaa, tunaona tukikaa mwenyewe atadhani hatufanyi kazi.

Turudi. Nimeosha, pakavu, sijaiwasha bado, nikafunga geji. Hapa ndio ile sababu ya kutaka mashine ilolala. Mashine ikizimwa usiku kucha gesi yote inakuwa na joto la chumba, na presha ya gesi safi ikiwa imetulia inajulikana, iko kwenye chati, haina siri. Pale ilipo palikuwa nyuzi 29, kwa R404A presha ilitakiwa iwe kama 185. Geji ikasoma 215. Nikaigonga geji, nikabadilisha geji, 215. Hiyo 30 ya ziada si gesi, ni hewa. Yule alienitangulia kafungua kapunguza gesi, baadae kaona amepunguza sana kaongeza, hozi hakuzitoa hewa, hewa ikaingia. Hewa haigeuki likwidi hata uifanye nini, inakwenda kujikalia juu ya kondensa inakula nafasi, na ile nafasi iliobaki ndio gesi ihangaike nayo. Kwa hiyo dawa ya presha ndio imeongeza presha.

Hapo hakuna njia ya mkato, gesi yote nikaivuta kwa rikavari, mashine ya kunyonyea gesi, kuitia kwenye mtungi, si kuiachia hewani, na hili naomba tulisikie kwa sababu R404A inashika joto la dunia karibu mara elfu nne kuliko hewa ya ukaa, ndio maana mwaka 2016 nchi zilikaa Kigali zikakubaliana gesi za aina hii zipunguzwe, na sisi tunaishi kisiwani, bahari ikipanda tunakimbilia wapi. Nikabadilisha drayer, kile kichujio kinachonyonya unyevu, nikavuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote ndani ya mabomba, mpaka maikroni 500 na nikaiacha nione kama inapanda, haikupanda. Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye kibati cha mashine, cha hii kilikuwa kimeshika kutu nikakipaka mafuta ya kupikia kwa tambara mpaka namba zikatokea, nikatia gesi kwa mizani, gramu kwa gramu, na mtungi umepinduliwa itoke likwidi maana R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, ukiichukua kama mvuke unachukua zaidi ya ile nyepesi. Kwenye friji la nyumbani watu wanakisia kwa kulishika bomba wanasema imeshika jasho, tosha. Mashine ya barafu haikisiwi.

Saa tano nikaiwasha. Presha 290, 300, nzuri, barafu ya mwanzo imeshuka kraa kwenye sanduku, shefu kaja kaitia mdomoni kabisa. Nikaambiwa fundi kula, nikala pilau. Stokipa anataka kunilipa niende zangu nikamwambia ngoja, saa nane haijafika.

Saa saba na nusu 360. Saa nane kasoro dakika kumi 395. Saa nane na dakika chache, tak, imekata. Stokipa ananitizama. Mie naitizama geji, imekata kwenye 420 na kibati kinasema 420, kwa hiyo swichi nzima, inafanya kazi yake, ingekuwa imekata kwenye 250 ningesema swichi imechoka tubadilishe, lakini hii mkweli.

Nikatoka nje kuizunguka mashine na ndio nikaona kitu nilichokiona tangu asubuhi bila kukiona. Mashine ile haikuwekwa jikoni, imewekwa uwani nyuma ya baa, na ili wageni wasiione wameijengea kibanda, boriti na makuti, kazi nzuri sana ya mikono, juu makuti na pande tatu makuti, mlango tu mbele. Nimeuliza kilijengwa lini. Kabla ya Krismasi. Na mashine ilianza kusumbua lini? Wakatizamana.

Kuwaeleza kwa maneno nisingewaweza, wameshalipia makuti. Nikaenda mapokezi nikaomba chetezo na udi, yule dada akadhani nataka kupunga mashine mashetani, akanipa huku anacheka. Nikakitia chetezo pale hewa ya moto inapotokea. Moshi ukatoka, ukapanda mpaka kwenye makuti, ukakosa pa kwenda, ukageuka, ukateremka na ukuta na ukaingia tena mbele ya kondensa, unauona kabisa kama uzi mweupe unavutwa. Meneja kaitwa kauona, seremala kaitwa kauona. Nikaweka thermomita pale hewa inapoingilia, nyuzi 46. Nje kivulini 33. Kondensa nzuri inakuwa na joto kama nyuzi 15 juu ya hewa inayoingia, sasa fanya hesabu mwenyewe, 33 na 15 ni 48, hiyo ni presha kama 300, mashine inacheka. 46 na 15 ni 61, hapo ushafika 415 na zaidi, swichi ifanye nini?

Halafu kwa nini saa nane, kwani joto la nje linazidi kiasi hicho kutoka saa tano? Halizidi sana. Kuna maji. Mashine inakula maji ya tangi la plastiki jeusi juu ya dari, saa mbili asubuhi yana ubaridi wake, saa nane niliyapima bombani, nyuzi 38, maji ya kumkoshea mtoto. Joto la maji yote hayo lazima lipite kwenye ile kondensa, na linapita zaidi mwanzoni mwa kila mzunguko maji yakiwa bado moto, ndio maana inakata dakika za mwanzo na ikizipita hizo inamaliza salama. Watu wanasoma kwenye karatasi ya dukani mashine inatoa kilo kadhaa kwa siku hawaulizi imepimwa wapi, nyingi ile namba kubwa ya kuvutia imepimwa kwa hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Maji ya nyuzi 10 Nungwi utayapata wapi, labda uyatoe kwenye friji.

Mashine ambazo kondensa yake inapoozwa kwa maji badala ya feni sizisemi sana, zipo chache hapa na mie nazichukia. Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, yanajenga ukoko ndani ya bomba la kondensa kama ule wa kwenye birika, joto halitoki, presha inapanda vile vile. Na maji yakikatika mtaani imekata nayo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya feni.

Seremala alinuna kidogo lakini alikuja na panga, tukakata dirisha kubwa juu upande wa kusini hewa ya moto itokee, na upande wa chini mbele tukaondoa makuti tukatia mbao zilizopishana hewa iingie, ukiwa baa bado mashine huioni. Bomba la maji tukalihamishia kwenye tangi la chini lililo kivulini. Siku ya pili nimekaa tena mpaka saa nane, saa tisa, geji haikupita 320. Nimelipwa, nimekula pweza, nimerudi.

Mwezi wa nne nilipita kuifanyia sevisi, mvua ya masika imeanza, mashine inafanya kazi. Nikazunguka nyuma nione dirisha letu. Vitambaa vya mezani, vyeupe, nimevihesabu kumi na mbili, vimeanikwa kwenye lile dirisha vinakaushwa na upepo wa moto wa kondensa, kwa vile jua hakuna na yule wa londri kagundua pale vinakauka kwa nusu saa. Geji 370. Nikaanza kuvianua kimoja kimoja, yule wa londri ananitizama kutoka mlangoni, "Fundi, hivyo bado vibichi."